Yoga kwa Manusura wa Kiwewe: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kujitolea

Kiwewe humnyang'anya mtu mamlaka juu ya mwili wake. Aliyebakwa, aliyeteswa kizuizini, aliyekimbia mabomu, aliyepigwa na mwenzi wake mwaka baada ya mwaka: wote walifikishwa mahali ambapo "sitaki" yao haikusikilizwa. Anayetaka kujitolea kuwapelekea yoga watu hawa aanze na hilo kabla hajafikiria mikeka wala mikao. Hutamponya mtu. Unachoweza kutoa ni saa moja kwa wiki ambamo kila jambo, kuanzia mahali pa kukaa hadi namna ya kupumua, linachaguliwa na manusura mwenyewe, na akisema hapana, hapana hiyo inabaki hapana. Karibu kila kanuni iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Yoga inafika wapi, na inakomea wapi

Mtu aliyepata kiwewe anaweza kuishi miezi au miaka huku mwili wake ukijiandaa kwa hatari iliyokwisha kupita. Mlango ukigongwa moyo unaruka, usingizi hauji, taya na mabega hayaachii. Wengine huelekea upande wa pili: wanakufa ganzi, hawasikii njaa wala uchovu, wanajiona kama wanaishi nje ya miili yao. Hali hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, huenda daktari akaziita PTSD, yaani ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, jina lililoingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980.

Yoga husaidia kwa sababu inampa mtu nafasi ya kuusikia mwili wake tena kidogo kidogo, bila kulazimika kusimulia kilichompata. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye PTSD sugu, ambayo matibabu ya awali hayakuiondoa. Kundi moja lilifanya yoga iliyoandaliwa kwa ajili ya manusura, saa 1 kwa wiki kwa wiki 10. Kundi la pili lilipata elimu ya afya ya wanawake. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, na 6 kati ya 29 wa kundi la pili. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasomwe vizuri: yoga ilitumika kama nyongeza ya matibabu, haikuchukua nafasi yake. Tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe, pamoja na EMDR (tiba ambayo mtu hukumbuka tukio huku macho yake yakifuata kitu kinachosogea), ndizo zinazotangulia. Usimwambie mshiriki yeyote apunguze au aache dawa, hata akikwambia yoga imemtosha.

Kuhusu tiba nyingine zinazoitwa za kumponya mtu mwili na roho kwa pamoja, kama kuchua mwili, mafuta ya kunukia au kuwekewa mikono, ushauri wetu ni mmoja: ziache. Nyingi zinahitaji kugusa, harufu, au mtu kulala huku mwingine amesimama juu yake, na hayo matatu yanaweza kumrudisha manusura kwenye tukio kwa sekunde chache. Kama taasisi inayo mtaalamu mwenye leseni wa kuchua, hilo ni jambo lake na mgonjwa wake.

Kabla hujaomba nafasi

Mafunzo ya kawaida ya ualimu wa yoga huchukua saa 200. Hayo hukufundisha mikao; hayakufundishi kiwewe. Ongeza kozi ya yoga inayojali kiwewe, na usome huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambayo Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliitolea mwongozo mwaka 2011. Msingi wake ni mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Utayahitaji siku mtu atakapoangua kilio katikati ya darasa.

Jipime mwenyewe pia. Kuwa na kidonda chako hakukuzuii kujitolea, ila kidonda kibichi ni kizuizi. Ukiona kwamba unahitaji washiriki wapone ili nawe ujisikie vizuri, au kwamba unakwenda kutafuta mahali pa kusimulia yako, subiri na umwone mshauri nasaha kwanza.

Kisha angalia kalenda. Kama huwezi kuahidi wiki 10 mfululizo, siku ileile, saa ileile, usianze. Watu hawa wameachwa mara nyingi. Mtu anayekuja wiki mbili, anapendwa, kisha anapotea, anawaongezea hasara nyingine. Hili ni zito zaidi kwa watoto, na ndiyo sababu safari za kujitolea za siku chache katika vituo vya watoto hazifai hata kama nia ni njema.

Ingia kupitia taasisi

Usikusanye manusura mwenyewe nyumbani au kwenye ukumbi wa kukodi. Nenda kwenye nyumba salama, kituo cha ushauri nasaha, kliniki au shirika la wakimbizi ambalo tayari linawahudumia. Kubalianeni kwa maandishi mambo haya:

1. Nani anawachagua washiriki. Awe mshauri au mtaalamu wa afya ya akili wa taasisi, siyo wewe. Mtu aliye katikati ya hatari ya kujiua, anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayerudi jioni kwa anayempiga, ahudumiwe kwa mambo hayo kwanza.
2. Nani yupo jengoni wakati wa darasa. Lazima awepo mfanyakazi anayeweza kumpokea mtu aliyezidiwa, na wewe ujue yuko chumba gani. Kama siku hiyo hayupo, darasa halifanyiki.
3. Siri na mipaka yake. Yanayosemwa darasani hayatoki, isipokuwa mtu akitaka kujidhuru, kumdhuru mwingine, au mtoto akiwa hatarini. Washiriki waambiwe hivyo siku ya kwanza. Kamwe usimwahidi mtu kwamba hutamwambia yeyote.
4. Mwenendo wako: uchunguzi wa historia yako, bima, msaidizi wa kufundisha pamoja nawe, kutobaki peke yako na mshiriki, kutopiga picha yoyote, kutotoa wala kupokea zawadi, kutobadilishana namba za simu.
5. Msimamizi utakayezungumza naye kila baada ya wiki mbili.

Taasisi ikikwambia "njoo tu kesho uanze," bila kukuuliza lolote, hiyo ni dalili mbaya. Inaweza kuwa inawafungulia mlango watu wengine kwa urahisi huohuo.

Fomu fupi ya afya

Usiulize kilichotokea. Hukihitaji. Uliza presha ya kupanda, ujauzito, kifafa, presha ya macho, upasuaji wa karibuni, mifupa iliyovunjika, maumivu ya mgongo. Mwenye presha ya macho au presha ya damu isiyodhibitiwa asiinamishe kichwa chini ya moyo. Mjamzito aliyepita nusu ya ujauzito asilazwe chali kwa muda mrefu wala kujipinda tumbo. Mwenye kifafa asipumue kwa kasi. Waliopigwa au kuteswa mara nyingi wana majeraha ambayo hayakutibiwa vizuri, hasa mabegani, kwenye nyayo na shingoni, kwa hiyo anza na viungo vidogo.

Weka swali moja la mwisho: "Kuna mkao, sauti au kitu ambacho hungependa kiwepo?" Aachwe huru kutolijibu.

Chumba

Watu 6 hadi 10 wanatosha. Ukizidisha, huwezi kuwaona wote. Wakiwa watatu tu, kila mmoja anajiona anaangaliwa. Uliza taasisi kama kundi liwe la jinsia moja. Viti viwepo kwa kila mtu, kwa sababu kiti ni salama kuliko mkeka: mtu anaona mlango, miguu iko chini, anaweza kuinuka. Panga viti na mikeka kwa nusu duara, migongo ielekee ukuta, pasiwe na mtu nyuma ya mwingine, na kati ya mtu na mtu kuwe na angalau mita moja. Mlango ufungwe ili wapita njia wasichungulie, ila usifungwe kwa ufunguo, na uwaonyeshe kwamba hauna ufunguo.

Taa ziwake muda wote. Vioo vifunikwe kwa shuka. Ubani na mafuta ya kunukia visiwepo. Harufu huamsha kumbukumbu haraka sana na bila onyo. Mikanda ya yoga iache kabatini, maana kwa aliyewahi kufungwa, kamba ni kamba. Muziki, kama upo, usiwe na maneno. Nyimbo za sala za Kisanskriti na kufumbata viganja kifuani viache pia: mshiriki asijikute anafanya kitu ambacho dini yake inakihoji bila kuulizwa. Akiuliza yoga imetoka wapi, mjibu ukweli kwamba ilianzia India na ina mizizi ya kiroho, na kwamba hapa mnafanya mazoezi ya mwili na pumzi tu.

Maneno utakayotumia

Hapa ndipo walimu wazuri huanguka, kwa sababu darasa la kawaida la yoga limejaa amri. "Inua mkono. Fumba macho. Shikilia hapo. Vumilia kidogo." Kila moja ya hizo inafanana na sauti ambayo manusura alilazimika kuitii. Badilisha sentensi ili uamuzi ubaki kwake: "Ukipenda, unaweza kuinua mkono mmoja, au uuache ulipo." "Macho yanaweza kubaki wazi." "Ukiona inatosha, rudi ulipoanzia wakati wowote." Hata "tuinue mikono" ina shinikizo ndani yake, kwa kuwa anayebaki ameishusha anaonekana amejitenga.

Machaguo yawe mawili, au matatu kwa wingi. Ukitoa sita, mtu ambaye akili yake tayari imelemewa anaganda. Na chaguo liwe la kweli: ukisema "unaweza kukaa tu" kisha ukamtazama anayekaa kwa macho ya kumsubiri, umeshalifuta.

Kuna maneno ya kuyaondoa kabisa. "Tulia" na "legeza mwili" ni maneno ambayo wengi waliambiwa na waliowadhuru. "Jikaze" linamfundisha kupuuza maumivu, jambo ambalo tayari amelifanya kupita kiasi. "Vizuri sana!" linaonekana la upole, lakini linamgeuza mshiriki kuwa mtu wa kukupendeza wewe. "Yameshapita, sahau" na "kila jambo lina sababu" hayasemwi hata nje ya darasa. Badala yake taja hisia za kawaida bila kumwambia nini ahisi: "Huenda ukausikia unyayo ukigusa sakafu. Huenda usisikie kitu, na hiyo pia ni sawa."

Usimguse mtu. Wala kumrekebisha mabega, wala kumfunika blanketi, hata akiomba. Anayeomba leo anaweza kukubali kwa sababu amezoea kukubali. Mkao wake ukiwa hatari kwa kiungo, onyesha njia nyingine kwa mwili wako mwenyewe, ukiwaambia wote. Usizunguke chumbani, kaa mahali pamoja, na ukihitaji kusogea sema kwanza: "Nakwenda kufungua dirisha lililo kushoto kwangu."

Kama kuna mkalimani, mpe maneno haya siku moja kabla na umweleze sababu. Mkalimani asiyejua atageuza "ukipenda unaweza" kuwa "fanya hivi" ili kuokoa muda, na kazi yako yote itakuwa imeharibika mdomoni mwake.

Kipindi cha dakika 60

Dakika 10 za kwanza ni za kufika. Jitambulishe, eleza kitakachofanyika tangu mwanzo hadi mwisho na saa ya kumaliza, onyesha mlango na choo, sema kwamba kutoka na kurudi hakuhitaji ruhusa. Rudia haya kila wiki hata kama wote wanayajua. Kutojua kinachofuata ni nusu ya hofu.

Dakika 5 za kuugusa mwili na mahali: kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kusukuma chini kidogo, kuachia, kuangalia chumba polepole na kuchagua kitu kimoja cha kukitazama.

Dakika 25 ni za mwendo, nyingi zikiwa kwenye kiti. Kuzungusha mabega mara 4 hadi 6, kugeuza shingo polepole upande mmoja kisha mwingine, kunyoosha goti moja na kulirudisha, kujipinda kiuno kidogo huku mkono umeshika kiti. Wanaotaka wasimame: uzito uende mguu wa kulia, urudi wa kushoto, kisha kuinama nusu kwa kushika mgongo wa kiti. Kila mkao uchukue pumzi 3 hadi 5 tu, nawe uhesabu kwa sauti ili mtu ajue utakwisha lini. Kuinua mikono yote miwili juu kwa pamoja kuchukulie kwa uangalifu. Kwa aliyewahi kushikiwa bunduki, huo ni mkao wa kujisalimisha. Mikao ya kulala chali huku miguu imepanuka, kupiga magoti na mikono chini, na kuinua nyonga kutoka sakafuni haina nafasi katika kundi la namna hii.

Dakika 10 za pumzi, na hapa haraka haifai. Wiki mbili au tatu za mwanzo usibadilishe pumzi ya mtu. Mwambie tu, akipenda, aangalie inaingilia wapi. Baadaye unaweza kupendekeza kuvuta kwa hesabu ya 3 na kutoa kwa 4, kisha wanaoweza wafike 4 na 6, ambayo ni takriban pumzi 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo anayeshushwa ghafla hadi 6 anaweza kujihisi anakabwa. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, na hilo ndilo unalolitafuta. Kubana pumzi na kupumua kwa kasi usivifundishe kabisa. Pumzi za kasi hupunguza kaboni dioksidi katika damu. Vidole vinawasha, kichwa kinazunguka, kifua kinabana, na manusura anasoma dalili hizo kama hatari imerudi.

Dakika 10 za mwisho ni za mapumziko na kuaga. Darasa la kawaida humaliza kwa kulala chali, macho yamefumbwa, kimya. Usifanye hivyo. Kimya kirefu katika mkao usio na kinga ndiyo nafasi ambayo kumbukumbu huingilia. Toa machaguo: kukaa na mgongo ukutani, kulala ubavu, au kuendelea na mwendo mdogo. Anza na dakika 2, ukizungumza mara kwa mara ili wajue upo na hujasogea. Ongeza hadi 5 wakizoea. Halafu rudini kwenye nyayo na sakafu, semeni kwaheri, na mmalize kwa saa mliyoahidi.

Mtu akizidiwa

Dalili huanza kabla ya kilio. Tazama macho yaliyoganda, pumzi fupi za juu kifuani, rangi ya uso kubadilika, ngumi kukunjwa, au mtu anayefuata kila kitu kwa utii kamili bila uso wowote. Huyu wa mwisho husahaulika, kwa kuwa anaonekana mwanafunzi bora. Mara nyingi hayupo mwilini.

Msaidizi wako aendelee na darasa kwa mwendo rahisi. Wewe mwendee kwa mbele, usitokee nyuma, ukae chini kuliko kimo chake au sambamba naye, umbali wa mita moja na nusu hivi. Mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Mwambie wewe ni nani, yupo wapi, leo ni siku gani. Mwombe asukume nyayo chini, kisha ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, sauti tatu, harufu mbili, ladha moja. Akishindwa kutaja harufu, ruka. Usimuulize anaona nini wala nini kilimtokea. Akirejea, mpe maji na umkabidhi kwa mfanyakazi wa taasisi. Asiende nyumbani peke yake kabla hajajua kikamilifu alipo. Maumivu ya kifua, kuzimia au degedege si vya yoga: ita huduma ya dharura.

Mshiriki akianza kusimulia yaliyompata, sikiliza bila kudadisi, mshukuru kwa kukuamini, na umuulize kama angependa kuzungumza na mshauri. Kumhimiza mtu asimulie tukio lote mara baada ya kulipitia ni kosa: Shirika la Afya Duniani lilishauri dhidi ya utaratibu huo katika miongozo yake ya mwaka 2013. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake hata kidogo hadi mtaalamu afike.

Mambo yanayoharibu programu taratibu

Mahudhurio kushuka wiki ya tatu au ya nne ni jambo la kawaida. Mwili ukianza kusikika, maumivu nayo yanasikika. Usimpigie mtu simu kumbembeleza. Taasisi imjulishe tu kwamba nafasi yake ipo. Mshiriki anayekuita mama, baba au mwokozi wake anahitaji mipaka ya upole na ya mapema, kwani ukichelewa itaonekana umemkataa. Mwalimu anayechoshwa na marudio na kuleta mikao mipya kila wiki anawanyima kitu wanachokihitaji zaidi ya ubunifu wake, yaani kujua kinachokuja.

Usiwapime kwa dodoso za kitabibu kama PCL-5, dodoso la dalili za PTSD lenye maswali 20. Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Kwako yatosha mahudhurio, na kwa anayetaka, namba ya 0 hadi 10 ya jinsi alivyo kabla na baada ya kipindi.

Baada ya kila darasa kaa na msaidizi wako nusu saa mlijadili. Ukianza kuota mambo ya washiriki, kukosa usingizi, kukasirika nyumbani, au kuogopa siku ya darasa, kiwewe chao kimeanza kukuingia. Mweleze msimamizi wiki hiyohiyo. Kwa mwaka wa kwanza usifundishe zaidi ya makundi mawili kwa wiki.

Kumaliza

Taja idadi ya wiki siku ya kwanza, na uanze kukumbusha zikiwa zimebaki tatu. Kipindi cha mwisho kiwe na umbo lilelile, usikigeuze sherehe. Wape karatasi yenye michoro ya mazoezi matatu waliyoyapenda, isiyo na jina la taasisi wala neno linaloonyesha walikuwa darasa gani, kwa sababu kuna wanaoishi na watu wasiopaswa kujua. Kama kuna mfanyakazi au manusura aliyepona vya kutosha anayetaka kuendeleza, afundishe pamoja nawe kuanzia wiki ya sita ili siku ya kuondoka kwako kundi liwe tayari limeizoea sauti yake. Fomu za afya zirudishe zote kwa taasisi na usibaki na nakala.